Baldwin: Aliyetengeneza hedifoni jikoni, akaingiza mamilioni, akafilisika

KATIKA maduka mengi ya vifaa vya simu, hedifoni kubwa huning'inizwa ukutani zikiwa zimepangwa kwa rangi. Mteja akiingia na kusema anataka za kufunika masikio, ili asikilize waimbaji anaowapenda kwa utulivu baada ya kazi za kutwa, huonyeshwa rangi, jina lililoandikwa pembeni na bei. Ni mara chache anaulizwa anataka kusikia nini.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, swali hilo hilo ndilo lililomsumbua Mmarekani mmoja aitwaye Nathaniel Baldwin. Hakuwa na kiwanda wala mtaji mkubwa. Alitaka tu kusikia vizuri maneno ya mtu aliyekuwa akizungumza mbali naye. Kutokana na haja hiyo akatengeneza hedifoni ambazo wengi wanazihesabu kuwa za kwanza za kisasa, akaziuza kwa jeshi, akaajiri watu kwa makumi na kuingiza fedha nyingi. Kisha akazipoteza zote.

Maisha yake yana funzo kwa anayetaka kununua hedifoni nzuri, na yana funzo kubwa zaidi kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye kipato chake kinaanza kukua.

Mtoto wa nchi kavu

Baldwin alizaliwa Desemba 1, 1878 huko Fillmore, mji mdogo katika jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani. Utah ni nchi kavu. Mashamba ya huko hutegemea maji yanayoletwa kwa mifereji kutoka vijito vya milimani, na waliolifungua eneo hilo kwa kilimo walikuwa zaidi waumini wa Kanisa la Wamormoni. Baldwin alikulia katika imani hiyo, nayo iliathiri karibu kila uamuzi mkubwa wa maisha yake, mzuri na mbaya.

Alisoma katika chuo cha Brigham Young, na pia katika chuo cha kilimo cha jimbo la Utah. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Stanford, California, kusomea uhandisi wa umeme. Aliporudi nyumbani alipata kazi ya kufundisha fizikia na elimu ya dini katika chuo kile kile cha Brigham Young.

Kazi hiyo haikudumu. Kanisa lake lilikuwa limetangaza mwaka 1890 kuacha ndoa za wake wengi, lakini Baldwin alikuwa miongoni mwa walioamini kwamba mafundisho ya zamani hayakupaswa kuachwa. Kwa sababu ya msimamo huo aliachishwa kazi. Akajikuta hana mshahara, huku mkononi akiwa na elimu ya umeme tu. Akaenda kufanya kazi katika mitambo ya kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji, na muda wake wa ziada akautumia kwenye jambo lililokuwa likimkera kwa muda mrefu.

Tatizo la kusikia

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Katika jiji la Salt Lake kuna ukumbi mkubwa wa ibada wa Wamormoni, uliokamilika mwaka 1867, unaochukua maelfu ya watu. Zama hizo hapakuwa na vipaza sauti. Mhubiri alisimama mbele na kutegemea koo lake tu. Aliyekaa nyuma alisikia sauti, lakini maneno yalimpotea njiani. Baldwin alikuwa mmoja wa waliokuwa wakitoka ibadani bila kushika yote yaliyosemwa.

Badala ya kulalamika, alianza kutafuta namna ya kuifanya sauti dhaifu isikike. Alichunguza kifaa cha kusikilizia cha simu za wakati ule na kuona udhaifu wake. Ndani yake mlikuwa na sumaku na kiwambo chembamba cha chuma. Sumaku ilikuwa ikikivuta kiwambo upande mmoja muda wote, hata pale ambapo hakuna mtu anayezungumza. Kiwambo kilikuwa kimekwisha kazwa kabla ya sauti kufika, hivyo sauti ndogo haikuweza kukitikisa vya kutosha.

Mfanyabiashara anayetumia mizani ataelewa haraka. Mizani iliyoegemea upande mmoja kwa mzigo mzito haitikisiki ukiongeza punje chache za mchele. Lakini mizani iliyosimama sawasawa, pande zote mbili zikilingana, hata punje chache huiinamisha.

Baldwin alifanya hivyo hivyo. Alichukua kipande kidogo cha chuma, akakiweka katikati ya ncha za sumaku ili kivutwe sawasawa kila upande na kibaki kimetulia. Kukizunguka akaweka koili ya waya mwembamba sana wa shaba. Umeme kidogo tu wa sauti ukipita kwenye waya, kipande kile huinama. Kijiti chembamba kilikiunganisha na kiwambo cha ulanga, yale madini yanayobanduka tabaka tabaka kama karatasi inayong'aa. Kiwambo kikatikisika, na sauti ikasikika.

Kila upande wa sikio ulikuwa na takriban maili moja ya waya, yaani zaidi ya kilometa moja na nusu, iliyozungushwa kwa mkono ikaingia katika kikopo kidogo kinachotosha kiganjani. Hapakuhitajika betri ya ziada ili kukuza sauti. Usikivu wote ulitokana na ule ulinganifu wa mizani.

Barua ya rangi

Kuwa na bidhaa nzuri ni jambo moja, kupata mnunuzi ni jambo jingine. Watu wenye mitaji aliowafuata hawakuvutiwa. Mwaka 1910 akaamua kujaribu bahati kwa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Meli za kivita wakati ule zilikuwa zimeanza kutumia simu za upepo, na waendeshaji wake walikuwa wakihangaika kusikia milio hafifu kutoka mbali, huku injini na mawimbi vikinguruma pembeni.

Barua yake ilifika Washington ikiwa imeandikwa kwa wino wa zambarau kwenye karatasi za buluu na waridi. Kwa ofisi ya jeshi haikuwa barua ya kutia moyo, na ingeweza kutupwa kapuni. Hata hivyo, ofisa aliyeipokea, A. J. Hepburn, aliamua kujaribu kifaa chenyewe kabla ya kumhukumu mwandishi kwa rangi za karatasi. Majaribio yalionyesha kwamba hedifoni za mtu huyo asiyejulikana zilikuwa bora zaidi kuliko zile jeshi lilizokuwa nazo.

Jeshi likataka nyingine. Jibu la Baldwin likawashangaza. Alisema hawezi kupokea oda kubwa, kwa kuwa anazitengeneza jikoni kwake, na kwa mara moja anaweza kumudu kama 10 tu.

Wanamaji walikuwa na lalamiko moja. Sauti ilikuwa safi, lakini utepe wa kichwani uliwaumiza waliolazimika kuuvaa kwa saa nyingi. Baldwin hakubishana na wateja wake. Alitoa utepe ule na badala yake akaweka fito mbili za waya zilizofunikwa kwa ngozi, zinazoweza kurefushwa au kufupishwa kulingana na ukubwa wa kichwa, na vikopo vikawa vinageuka kufuata umbo la sikio. Hedifoni zikawa nyepesi na za kuvaliwa zamu nzima.

Alishauriwa aombe hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa ajili ya mkanda huo. Hakufanya hivyo. Aliliona ni jambo dogo mno. Mkanda wa kichwani unaorefushwa na vikopo vinavyogeuka ni vitu vinavyoonekana hadi leo karibu katika kila hedifoni kubwa.

Kiwanda kando ya kijito

Oda za jeshi zilipozidi uwezo wa jiko, ilibidi kutafuta mbia. Kampuni ya Wireless Specialty Apparatus ya Boston, mashariki mwa nchi, ilikubaliana naye kuzalisha hedifoni hizo kibiashara. Baldwin hakutaka kuhama. Alikuwa na kipande cha ardhi East Mill Creek, nje kidogo ya jiji la Salt Lake, chenye kijito alichokitumia kuzalisha umeme wake mwenyewe. Kwake maji yale yalikuwa rasilimali, na hakuona sababu ya kuyaacha ili akalipie umeme wa watu wengine. Kazi ikafanyika Utah.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ya mwaka 1914 hadi 1918 ikaongeza mahitaji ya jeshi. Wengi walidhani vita ikiisha biashara nayo itakwisha. Badala yake likafunguka soko jingine kubwa zaidi, nalo lilikuwa la raia.

Mwaka 1920 kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilianza matangazo ya redio ya kawaida, na vituo vingine vikafuata kwa mamia. Watu wengi wa kipato cha chini walinunua au kujitengenezea redio ndogo zilizotumia kipande cha jiwe la madini kunasa mawimbi. Redio hizo hazikuhitaji betri wala umeme wa nyumbani, kwa hiyo zilifaa sana kwa familia za mashambani ambako nyaya za umeme hazijafika. Lakini sauti yake ilikuwa dhaifu, isiyoweza kusukuma spika. Bila hedifoni nzuri hapakuwa na redio.

Mkulima wa Marekani alivaa hedifoni usiku kusikiliza nyimbo, na mchana akazivaa kusikiliza bei za ngano, nguruwe na mayai pamoja na taarifa za hali ya hewa, ambazo mwanzoni mwa miaka ya 1920 zilianza kutangazwa redioni. Kusikia namba kimakosa kulikuwa na gharama. Hapo hedifoni za Baldwin, zilizotengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya kutoa maneno wazi, zilijiuza zenyewe. Vifaa vyake vilifungwa pia kwenye vipaza sauti vyenye umbo la tarumbeta ili familia nzima isikilize pamoja.

Kufikia mwaka 1922 kiwanda chake kilikuwa na wafanyakazi wapatao 150 na kikitoa hedifoni zipatazo 150 kwa siku. Mapato ya mwaka yanatajwa kufikia dola milioni 2. Yule mwalimu aliyeachishwa kazi sasa alikuwa mmoja wa waajiri wakubwa wa eneo lake.

Fedha zinatoka mlango wa nyuma

Wenye biashara wengi watatambua kilichofuata, kwa kuwa hutokea hata kwenye kibanda cha nyanya.

Baldwin alikuwa mkarimu, na alikuwa na itikadi aliyoipenda kuliko faida. Aliwaajiri wenzake wengi waliokuwa wakiunga mkono ndoa za wake wengi, watu ambao mahali pengine walikuwa wakikosa kazi kwa sababu ya imani hiyo. Nyumba zikajengwa karibu na kiwanda, hadi mtaa mmoja ukapewa jina la utani la uchochoro wa wake wengi. Baadhi ya watu hao walipewa nafasi za juu katika kampuni. Walipewa nafasi kwa sababu walikubaliana na mwenye mali kuhusu dini. Kujua hesabu au soko halikuwa sharti.

Kumsaidia ndugu au muumini mwenzako si kosa. Kosa la Baldwin lilikuwa kutokuweka mpaka. Fedha za kiwanda, fedha zake binafsi na fedha za harakati zilichanganyika. Walimjia watu wenye mipango ya miradi isiyohusiana na hedifoni, naye akatoa. Alikuwa mhandisi hodari wa kupima nguvu mbili za sumaku zikalingana, lakini hakuweka mizani kama hiyo kati ya kinachoingia na kinachotoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 1924, miaka miwili tu baada ya kilele kile, kampuni yake ilifilisika na kuwekwa chini ya usimamizi wa wafilisi. Haikuwa kwamba watu wameacha kununua redio. Soko lilikuwa bado linakua.

Alijaribu kujinyanyua. Alihusika na kampuni nyingine iliyokuwa ikikusanya fedha kwa kuuza hisa, na barua za kuuza hisa hizo zilipita posta. Miradi haikutoa kilichoahidiwa na walionunua hisa wakapoteza. Mwaka 1930 alipatikana na hatia ya ulaghai kwa njia ya posta, akapelekwa gereza la McNeil Island katika jimbo la Washington, ambako alikaa takriban miaka miwili.

Alipotoka, soko lilikuwa limebadilika. Spika za aina mpya, zilizotokana na utafiti uliotangazwa mwaka 1925, zilikuwa zikiijaza sebule sauti bila mtu kuvaa kitu kichwani, na redio za kuchomeka kwenye umeme zilikuwa zimeenea mijini. Hedifoni zikabaki kwa wanajeshi, waongoza mitambo na mafundi. Baldwin aliendelea na shughuli za uvumbuzi, lakini utajiri haukurudi. Alifariki dunia Januari 19, 1961 akiwa na umri wa miaka 82, mtu wa kipato kidogo.

Kwa bahati ya ajabu, alifariki wakati hedifoni zilipokuwa zinaanza kurudi majumbani. Mwaka 1937 Mjerumani Eugen Beyer alikuwa ameleta hedifoni za DT 48, zinazotumia koili inayocheza pamoja na kiwambo, mfumo unaotumika katika hedifoni nyingi kubwa za leo. Mwaka 1958 Mmarekani John Koss akaleta hedifoni za stereo kwa ajili ya kusikiliza muziki. Mfumo wa mizani wa Baldwin haukufa pia. Unatumika katika vifaa vya kuwasaidia wenye usikivu hafifu, na katika hedifoni ndogo za ndani ya sikio ambazo waimbaji huvaa jukwaani.

Kuchagua hedifoni leo

Mambo aliyohangaika nayo Baldwin ndiyo yale yale ya kuangalia kwa anayetaka hedifoni kubwa za kusikiliza waimbaji, au kwa mwenye duka anayetaka kumshauri mteja vizuri.

La kwanza ni uwazi wa maneno. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo ya kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na namba hizo huandikwa kwenye karibu kila boksi, kwa hiyo hazitofautishi kizuri na kibaya. Sauti ya mwimbaji hukaa zaidi katikati, na herufi kama s, t na k, zinazofanya neno lieleweke, hukaa juu kidogo ya hapo. Hedifoni nyingi za bei ya chini huongezewa besi ili zimvutie mteja kwa dakika ya kwanza. Besi ikizidi huifunika sauti ya mtu, kama ngoma inayopigwa mbele ya mwimbaji. Besi inatakiwa iwepo, lakini ikae nyuma yake.

Jaribu kwa wimbo unaoujua kwa moyo, wenye mwimbaji mmoja na vyombo vichache. Taarabu ya zamani au wimbo wa Mbaraka Mwinshehe unafaa kuliko wimbo mpya usioujua. Sikiliza kama neno la mwisho la kila mstari linasikika, kama pumzi ya mwimbaji inasikika kabla hajaanza, na kama sauti yake inakaa katikati ya kichwa bila kuelemea sikio moja. Herufi s zikichoma kama mluzi, hedifoni hizo zitakuchosha kabla ya nusu saa kuisha.

La pili ni mgongo wa vikopo. Zipo zenye mgongo wazi, ambazo hewa na sauti hupita kwenye matundu upande wa nje. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilileta za namna hiyo, HD 414, mwaka 1968. Hizi hufanya muziki uwe mpana, kana kwamba mwimbaji yuko mbele yako chumbani, na kwa mpenzi wa sauti za watu ndizo huwa za kwanza kufikiriwa. Lakini aliye pembeni atasikia wimbo wako, nawe utasikia jenereta la jirani. Anayesikiliza ndani ya basi, kwenye mashine ya kusaga au katika nyumba yenye watu wengi atafaidika zaidi na zenye mgongo uliofungwa.

La tatu ni kulingana na kifaa unachotumia. Angalia namba yenye alama ya omu. Zenye omu 16 hadi 32 kwa kawaida huendeshwa na simu bila shida. Zenye omu 250 au 300 mara nyingi huhitaji kikuza sauti, na ukizichomeka kwenye simu zitatoa sauti ndogo hata zikiwa za bei kubwa. Angalia pia usikivu wake, unaoandikwa kwa desibeli, maana namba hizo mbili husomwa pamoja. Zile zinazotumia bluetooth zina kikuza sauti chake ndani, hivyo suala hilo halimsumbui mnunuzi. Yeye aulize betri inadumu saa ngapi, na kama zinaweza kutumika kwa waya betri ikiisha.

La nne ni lile Baldwin aliloliona dogo. Zivae kwa dakika 15, si kwa sekunde 15. Vikopo vya hedifoni kubwa vinatakiwa vizunguke sikio lote bila kulikalia. Mkanda usibane utosini, na ushike vya kutosha zisianguke ukiinama. Zikikaa vibaya kichwani, hata sauti hubadilika, kwa kuwa besi huvuja pale mto unapoacha nafasi na shavu. Mwenye miwani azijaribu akiwa na miwani. Uliza pia kama mito ya masikioni inapatikana peke yake, maana ndiyo huchakaa kwanza kwa jasho na joto.

La mwisho ni kiwango cha sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda unavyotakiwa kupungua kwa kasi. Anayelazimika kuongeza sauti kila mara ili asikie maneno, tatizo linaweza kuwa ni hedifoni zenyewe, au kelele zinazomzunguka. Kuongeza sauti hakuponyi lolote kati ya hayo, na usikivu ukishaharibika kwa kelele haurudi.

Mwenye duka naye ana jambo la kujifunza kwa Hepburn. Ofisa yule aliijaribu bidhaa kabla ya kuikataa. Duka linaloweka jozi moja au mbili za kujaribia, zikiwa safi na zimefutwa, litauza kwa mteja anayejua anachochukua, na mteja wa namna hiyo harudishi bidhaa kesho yake akiwa na hasira.

Funzo la fedha

Baldwin alifanya vizuri mambo mengi ambayo wataalamu wa biashara huyahimiza. Alianzia kwenye tatizo alilolijua mwenyewe. Alianza na alichokuwa nacho, jiko na mikono yake. Alimweleza mteja ukweli kwamba uwezo wake ni jozi 10. Aliposikia malalamiko alirekebisha bidhaa. Alitumia maji ya shamba lake kupunguza gharama.

Yaliyomwangusha ni matatu, na kila moja lingeweza kuzuilika. Hakulinda alichobuni kwa sababu kilionekana kidogo. Aliwapa watu vyeo kwa ukaribu badala ya uwezo. Na aliufanya mfuko wa biashara kuwa mfuko wa kila shida.

Kwa mwenye shamba la mahindi, banda la kuku au duka la bidhaa mchanganyiko, tiba ya hilo la tatu haihitaji mhasibu. Inahitaji madaftari mawili. Moja la biashara, jingine la nyumbani. Mwenye biashara ajilipe mshahara unaojulikana. Akitaka kumsaidia ndugu, kuchangia harusi au kutoa sadaka, atoe kwenye mshahara huo na si kwenye fedha ya mbegu au ya mzigo unaofuata. Ndugu anayeomba kazi apewe kazi anayoiweza, alipwe sawa na wengine, na mauzo yake yakaguliwe kama ya wengine. Mwenye kuleta mradi mpya aulizwe faida itatoka wapi na lini, hata kama mnasali pamoja.

Hivyo msaada hautakoma. Watu 150 waliokuwa wakila kutokana na kiwanda cha East Mill Creek walihitaji zaidi ukarimu wa mshahara unaolipwa kila mwezi kwa miaka 20, kuliko ukarimu uliokwisha mwaka 1924.